Fomu ya Tressa na Kazi ya Bwawani

Duka la Chambo,
Bascom Ferry, Kentucky.
Jumapili, 20 Oktoba 2019.

Kwa dada yangu mpendwa Oleta,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa mto, ambao leo umetulia kama maziwa kwenye bakuli. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepoa, na kuku wako wanataga. Sisi huku hatujambo. Mgongo wangu unauma nikiinama lakini hauumi nikisema, kwa hiyo siku nyingi nashinda vizuri.

Najua umeshtuka kupata barua. Hata mimi nimeshtuka kuiandika. Lakini umenikatia simu mara sita tangu Jumatano, na mara ya saba ukampa jirani simu aniambie kwamba umetoka kulisha kuku. Dada, hakuna kuku duniani wanaolishwa siku nne mfululizo. Basi nimefunga duka, Jumapili ambayo wavuvi ni wengi kuliko samaki, nimekaa nyuma ya kaunta na kalamu. Karatasi haikatiki kama simu. Unaweza kuichoma, lakini nakujua wewe: utaisoma kwanza ndipo uichome.

Habari yenyewe unayo, ila nitaisema tena kwa sababu inanipendeza mdomoni. Mwanao Tressa amepata kazi. Si ya kaunti wala ya jimbo. Ni ya serikali ya shirikisho yenyewe, mhandisi raia wa ofisi ya mabwawa ya jeshi, hapa hapa kwenye malango ya maji ya Bascom, yale yanayopandisha na kushusha matishari ya makaa ya mawe. Mhandisi raia maana yake yuko chini ya kanali lakini havai buti wala hapigi saluti. Barua ya mwisho ilifika Jumanne. Wanataka sahihi yake kabla ya Ijumaa jioni, na Jumatatu ya wiki inayofuata ale kiapo na kuanza kazi. Nawe umemwambia akatae.

Tangu hapo mtoto hali chakula. Jana nimempikia maharage na mkate wa mahindi, ule wa Mama, akaudonoa kama ndege aliyeshiba. Ana miaka ishirini na saba, amekagua nusu ya madaraja ya kaunti hii, lakini neno la mama yake bado linamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sababu zako nimezisikia zote mbili. Ya kwanza, kwamba kazi hii imepatikana kwa kujisifu, na mwalimu wa kujisifu ni mimi. Ya pili, kwamba watu wa bwawani ndio wale wale waliomfukuza mdogo wako miaka ishirini na mitano iliyopita kwa kosa la kusema ukweli, na mtoto wako hatakula mkate wao. Nitakujibu zote. Ya kwanza naijibu kifua mbele. Ya pili utaona mwenyewe nitakavyoijibu.

Tuanze na kujisifu. Unajua Tressa aliomba kazi za serikali mara ngapi? Mara kumi na moja, kwa miaka miwili. Kila mara kompyuta inamrudishia maneno yale yale, kwamba ameonekana hana uzoefu wa kutosha. Hana uzoefu, huyu aliyelala kwa tumbo ndani ya kila kalvati kuanzia hapa hadi kwenye mpaka wa kaunti. Mara ya kumi na moja alikuja dukani kwangu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema labda Mungu hataki. Nikamwambia Mungu ana mambo mengi, hasomi fomu za kompyuta.

Sasa yupo mzee mmoja, Hobert Gullett, mstaafu. Kila Jumamosi hununua kwangu samaki wadogo wa chambo, na sijawahi kuona amerudi na samaki mkubwa. Nilikuwa namsimulia yule kambare wangu wa mwaka elfu mbili na tatu, ambaye fuvu lake mbwa wa jirani alilifanya nyumba na akazalia humo. Mzee Hobert hunisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Lakini nilipogusia habari ya Tressa na fomu zake, akaweka ndoo chini. Kumbe miaka thelathini ya kazi yake alikuwa katika chumba kile kile ambamo maombi ya kazi za serikali husomwa. Nimemuuzia chambo miaka tisa na hakuwahi kusema. Watu wengine wanaficha mambo yao mpaka wanakera.

Akaomba aone alichoandika Tressa. Akavaa miwani, akasoma, na hakuchukua muda maana ulikuwa ukurasa mmoja tu, kama walivyomfundisha chuo kikuu. Kisha akacheka mpaka akajifuta macho. Akaniuliza kama huyu binti ni wa lile kanisa letu la kule bondeni, linalokataza kujisifu na kuapa. Nikamuuliza amejuaje. Akasema amewajua watu wa kanisa lile kwa miaka thelathini bila kuwaona sura. Wakiulizwa wamefanya nini, wote husema walisaidia. Mtu amelishika daraja lisianguke kwa mikono yake miwili, anaandika kwamba alisaidia kwenye daraja. Mashine inamtupa nje, na kazi inakwenda kwa kijana wa mjini aliyeliona daraja kwenye picha.

Akanieleza. Serikali haikujui wala haina binamu yako wa kumuuliza. Inajua ulichoandika tu, basi. Inataka kila kazi uliyofanya, mwezi ulioanza na mwezi ulioacha, na saa ngapi kwa wiki, la sivyo haijui kama ulifanya kazi kutwa au ulipita kusalimia. Halafu yanakuja maswali, na kila swali lina herufi tano za kuchagua jibu. Ya kwanza, sijawahi kufanya. Ya pili, nimesoma darasani. Ya tatu, nimefanya nikiangaliwa na mkubwa wangu. Ya nne, nimefanya peke yangu. Ya tano, mimi ni bingwa wa jambo hili, na wengine huja kuniuliza. Mzee Hobert akaniambia kwamba asiyechagua ya tano mara nyingi, hakuna binadamu atakayeiona fomu yake.

Dada, nadhani unajua mwanao alichagua ipi. Ya tatu. Maswali arobaini, ya tatu mara arobaini, mara kumi na moja.

Nikamwita Jumamosi iliyofuata mchana, nikamweka pale kwenye meza ya kufungia minyoo, na kompyuta yake mbele. Akaniambia kabla sijafungua mdomo, Mjomba, Mama amesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia mama yako yuko sahihi kuhusu mayai. Kwa serikali, kizuri kisichojitembeza kinaozea rafuni.

Tukaanza na lile daraja la Turkey Fork, la mwaka wa mafuriko. Alikuwa ameandika, nilisaidia ukaguzi. Nikamuuliza nani aliingia chini ya daraja na tochi. Akasema yeye. Nani mwingine? Hakuna, mkubwa wake alikuwa anaogopa nyoka. Nani aliona nguzo imekwanguliwa na maji hadi msingi uko wazi? Yeye. Nani alisema daraja lifungwe? Yeye. Na mkuu wa kaunti alisema nini? Alifoka, akasema msichana anataka kuwafanya watu wazunguke maili kumi na nne kwa sababu ya ufa. Na daraja likafanya nini? Likaanguka, akasema, siku ya tatu, saa tano asubuhi. Na lilikuwa na nani juu yake? Akainamia kompyuta. Kisha akasema kwa sauti ndogo, lilikuwa tupu, Mjomba, kwa sababu lilikuwa limefungwa. Nikamwambia haya, sasa niambie tena kwamba ulisaidia.

Alilia kidogo. Sikumzuia. Kisha akafuta lile neno na kuandika: nilikagua, nilipima, niliamua, nilifunga. Maneno manne. Alivyokuwa anayabonyeza ungedhani anaiba.

Tuliendelea hivyo Jumamosi tatu. Na usidhani mwanao alikubali kila kitu. Nilitaka tuandike kwamba aliokoa basi la shule lenye watoto arobaini. Akasema basi halikuwa na mtoto na lilikuwa limeegeshwa. Nikauliza limeegeshwa wapi. Akasema shuleni, maili sita kutoka mtoni. Nikasema basi ndivyo lilivyookoka. Akanitazama kwa jicho lile lako, nikaenda kuhesabu minyoo. Palipokuwa na jambo alilofanya akiangaliwa, aliacha ile herufi ya tatu, na nilipopiga kelele akaniambia, Mjomba, kelele zako haziingii kwenye fomu. Kurasa nane, Oleta, na hakuna mstari mmoja ambao hakuwa tayari kuusoma mbele ya kanisa zima.

Kwa hiyo ukisema nimemfundisha mtoto kujisifu, nasema ndiyo, na nitamfundisha tena. Mimi ni bingwa wa kujisifu katika bonde hili na mabonde matatu ya jirani, na wengine huja kuniuliza. Maisha yangu yote kipaji hiki hakijawahi kunifaa kwa lolote. Hii ndiyo mara ya kwanza kimefanya kazi halali, na sioni haya hata chembe. Ninyi kanisani mmemlea mtoto akawa dhahabu, halafu mkamfundisha kujificha kwenye majivu. Serikali haichambui majivu. Mchungaji akitaka kubishana nami aje, duka hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.

Hiyo ndiyo ya kwanza, nimemaliza.

Fomu ikaenda kwa watu wa bwawani, wakamwita wakamhoji, wakampenda. Lakini kabla ya barua ya mwisho, serikali hutuma mtu kuuliza watu wanaokujua kama wewe ni mwaminifu. Mwezi wa tisa akaja dukani mama mmoja mkaguzi, amevaa koti la buluu, ana daftari. Nikampa kiti na soda ya baridi, nikaanza kumkaribisha kwa habari ya kambare, kama adabu inavyotaka. Akaweka kalamu chini. Akasema kwa upole kwamba nikisema, anaandika, na nikimdanganya yeye ni kosa la kushtakiwa, kwa hiyo angependa tumwache kambare.

Dada, sijawahi kukaa kwenye kiti kigumu namna ile, na kiti ni changu.

Aliniuliza kama Tressa ni msema kweli. Nikamwambia huyo alimwambia mke wa mchungaji kwamba keki yake ya tufaha imeungua tabaka la chini, mbele ya mchungaji na mbele ya keki. Akaandika. Akauliza kama ana madeni, pombe, kamari au ugomvi. Nikasema hana hata paka. Halafu akafungua ukurasa mwingine na kuniuliza mimi: kama niliwahi kufanya kazi ya serikali ya shirikisho, na niliiachaje.

Sasa Oleta, kama umesimama, kaa.

Ile hadithi unaijua. Kila mtu anaijua, maana nimeisimulia kwenye kila harusi na kila msiba. Mwaka tisini na nne, mimi kijana wa miaka ishirini na miwili, kibarua wa kufunga kamba za matishari pale malangoni. Nikamwambia msimamizi kwamba lango la chini limepinda. Akanicheka. Kanali akaja kutoka makao makuu na kipimo chake, akapima, likaonekana limepinda unene wa unywele. Wakaniambia nikae kimya juu ya jambo hilo, nitapewa kazi ya kudumu. Nami nikavua kofia, nikaitupa mtoni, nikasema mkate wenu kuleni wenyewe.

Hakuna kanali aliyekuja. Lango halikupinda, dada, liko wima hadi leo. Mkaguzi nilimwambia hivi, nami nakuandikia kama nilivyomwambia. Kibarua cha miezi sita kilikwisha, wakatangaza kazi ya kudumu, wakatupa fomu. Fomu ikauliza nimesoma hadi darasa la ngapi. Mahali pale palikuwa padogo, Oleta, kama ukucha. Nikaandika kumi na mbili. Nikaandika na jina la shule. Wakaandikia shule, na shule ikawajibu kwamba niliondoka darasa la nane. Msimamizi wetu, mzee Skaggs, mtu mpole, akaniita pembeni ili wenzangu wasisikie. Akasema kama ningeandika la nane wangenichukua, maana kazi ya kufunga kamba haikuhitaji zaidi ya hapo. Kwa uongo hawawezi. Akanipa mkono, nikaondoka na kofia yangu kichwani.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anamenya viazi, akaniuliza mbona mapema. Lango lililopinda lilitoka mdomoni lenyewe. Nilidhani litakaa wiki moja.

Wewe ndiye uliyelifanya likae. Ulisimama kwenye mazishi ya Mama ukasema kwamba katika watoto wake yupo mmoja aliyeacha mkate wa serikali kwa ajili ya ukweli. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa benchi la pili, nimeinamisha kichwa, nawe ukadhani ni unyenyekevu. Na Tressa alipokuwa na miaka kumi na saba, watu wa bwawani wakamwalika aje likizo ajifunze kupima maji, ukamkataza kwa ajili yangu. Ulisema, hao walimdhulumu mjomba wako. Nilikuwa pale mezani kwako. Nilikula keki yangu nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fomu yenyewe.

Mkaguzi aliandika mistari miwili tu. Miaka ishirini na mitano, mistari miwili. Akanishukuru, akamaliza soda yake, akaenda. Haikumdhuru Tressa hata kidogo, maana mimi si yeye. Hilo ndilo ninalotaka ulione. Wewe unaogopa kwamba karatasi yake ina uongo. Mimi uongo kwenye karatasi ile naujua kwa mkono wangu, naujua ulivyo mwepesi kuandika na unavyokaa mgongoni baadaye. Nilikaa na mwanao Jumamosi tatu nikiutafuta. Nilimsukuma hata autie. Haumo.

Jumatano ulipomwambia akatae, alikuja kwangu akasema Mama hataki niwatumikie waliomwonea mjomba. Sikuweza kumtazama. Nikamweleza yote. Akaniambia kwamba Ijumaa atakwenda kule na kalamu yake, hata kama hujambariki. Lakini kama hujaujua ukweli huu kutoka kwangu kabla ya Ijumaa, hatatia sahihi, maana hataki mama yake aendelee kuwachukia watu kwa jambo ambalo hawakulifanya huku yeye anakula kwao na anajua. Akaniambia nikupigie. Nimekupigia. Kuku.

Basi ukweli huo hapo. Barua hii naituma kesho asubuhi kwa njia ya haraka, na unatakiwa kuitilia sahihi, kwa hiyo usijaribu kuniambia haikufika.

Kwa hadithi ya lango nakuomba radhi, wewe na Mama popote alipo, naomba kwa magoti yote mawili ingawa moja halikunjiki. Ukitaka kusimama kanisani ukayasahihisha uliyosema, simama, nami nitakuja nikae benchi la mbele wanione. Kwa fomu ya Tressa siombi radhi. Siombi leo, sitaomba Krismasi, na ukininyima keki nitanunua. Kosa langu ni langu, usimlipishe yeye. Kama una hasira, nyumba yangu unaijua, mlango unafunguka kwa kuvuta.

Ijumaa saa nane nampeleka kutia sahihi kwa gari langu. Jumatatu saa nne asubuhi anakula kiapo pale ofisini malangoni. Nimeuliza, wamesema wale ambao dini yao inawakataza kuapa wanaruhusiwa kuthibitisha tu kwa mdomo, kwa hiyo usiniletee hilo pia. Ndugu wamewekewa viti viwili. Kimoja ni changu. Cha pili nitakiwekea koti langu mpaka saa nne kasorobo, na baada ya hapo nitamkaribisha mzee Hobert, ambaye hajawahi kumwona hata mmoja wa wale aliosoma fomu zao.

Nisalimie majirani wa bondeni, na umwambie yule aliyepokea simu kwamba hajui kudanganya, alikuwa anacheka. Nisalimie kuku. Funga goti lako na kitambaa cha joto, baridi imeanza. Tressa anakusalimu sana. Yuko nje anatupa mawe mtoni na hajui nimeandika kiasi gani.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Arvil Stidham,
darasa la nane.